Namba ya Wayua

Syombua Kimeu alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na hilo ndilo lililomponza. Katika kiwanda kimoja cha kusindika maembe na mananasi, pale Eneo la Viwanda Thika, alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na mitatu, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa msimamizi wa laini ya pili. Laini ya pili ndiyo inayochemsha maji ya matunda kabla hayajatiwa chupani. Ukimuuliza tangi limefika joto gani, angepitisha kiganja karibu na bomba, akakuambia. Ungeenda kuangalia kipimo ungekuta amekosea digrii moja, na pengine hiyo moja ilikuwa kosa la kipimo. Wafanyakazi walimwita Mama Mwau, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mameneja nao, Mama Mwau. Hata mwenye kiwanda, ambaye majina ya watu humtoka kichwani kama maji kwenye kichungi, hilo hakuwahi kulisahau.

Sasa mtu kama huyo ukimpa kitu asichokijua, atasema hajui? Thubutu!

Zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, joto liliandikwa kwenye karatasi. Kulikuwa na kibao kimetundikwa ukutani, karatasi imebanwa juu yake, na kalamu moja imefungwa kwa uzi isije ikatembea. Kila nusu saa aliyekuwa karibu aliangalia kipimo akaandika. Kama glavu zake zilikuwa na maji, alimpigia mwenzake kelele, "Niandikie tisini na mbili!" na mwenzake akaandika. Kalamu ilikuwa ya laini, haikuwa ya mtu. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani ulioandika, bora joto liwe la kweli.

Mwaka huu Februari wakaambiwa karatasi zinaondoka, zinakuja tableti. Kiwanda kikawakodia ukumbi wa hoteli moja Ruiru, kando ya barabara kuu, siku mbili nzima, eti waandaliwe kuupokea utamaduni wa dijitali. Walipewa chai na sambusa, wakapewa na kalamu mpya, jambo ambalo Syombua aliliona kichekesho, kwa maana si walikuwa wameambiwa kalamu zimekwisha?

Aliyefundisha alikuwa Eddie, kijana wa kompyuta wa pale kiwandani. Huyo Eddie alipokuja mara ya kwanza, mwanafunzi wa chuo anayetafuta uzoefu, Syombua ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuvaa kofia ya kufunika nywele, kwa sababu alikuwa ameivaa nyuma mbele. Leo amesimama mbele ya watu arobaini na kipaza sauti.

"Kila mtu atakuwa na namba yake ya siri," Eddie alisema. "Ukiingiza hiyo namba, tableti inajua ni wewe. Hiyo ndiyo sahihi yako. Ukimpa mtu, ni kama umemkatia mkono wako umempa aandike nao."

Watu wakacheka. Syombua pia alicheka, ingawa hapo alikuwa ameshaachwa nyuma sana. Aliachwa siku ya kwanza saa nne, Eddie aliposema bonyeza hapa, telezesha hapa, rudi nyuma, na yeye akabonyeza kitu kikafungua picha ya dunia. Aliificha ile tableti chini ya meza mpaka ikazima yenyewe. Maswali alikuwa nayo, tena mengi. Lakini kila alipotaka kuinua mkono aliona wale wa laini yake wamemwangalia yeye, wanangoja waone Mama Mwau anaichukuliaje hii kitu.

"Kuna mwenye swali?" Eddie akauliza mwisho wa siku ya pili. Macho yote yakaenda kwa Syombua.

"Tumeelewa kabisa, mwalimu," Syombua akasema kwa sauti ya kutosha ukumbi wote.

Makofi! Basi wakamchagua hapo hapo kuwa Bingwa wa Dijitali wa laini ya pili, wakampa fulana ya kijani yenye maneno hayo mgongoni. Alirudi Thika nayo mapajani.

Wiki ya kwanza alihangaika hivi na hivi. Wiki ya pili aliingiza namba yake ya siri vibaya mara tatu, tableti ikamfungia. Ikaandika kwamba aende kwa msimamizi wa mfumo, na msimamizi wa mfumo ndiye huyo huyo Eddie, yuko ghorofani kwenye chumba cha vioo ambako kila anayepita nje anakuona. Aende akasimame pale, bingwa mzima, aseme imenifunga? Alipanda ngazi mara mbili. Mara zote mbili alifika katikati akakumbuka ana kazi chini.

Na usidhani alikuwa mjinga. Namba ya siri ya M-Pesa alikuwa nayo kichwani miaka kumi na tano, na mumewe mwenyewe hajawahi kuijua. Lakini ile ilikuwa yake. Hii ya kiwandani aliiona kama ile kalamu ya uzi, kitu cha laini.

Kwenye laini yake kulikuwa na msichana aitwaye Wayua, miaka ishirini na sita, ana mtoto mmoja, anakaa Makongeni nyumba tatu kutoka kwa Syombua. Wote wawili kwao ni Ngoliba, kule chini kwenye ukavu. Mama yake Wayua, Wavinya, alikuwa rafiki ya Syombua tangu wakiteka maji pamoja, na ndiye aliyemwomba amtafutie binti kazi. Syombua akamtafutia, kandarasi ya miezi sita sita. Wayua hakumwita Mama Mwau kama wengine. Alimwita mwaitu, ambalo ni neno la Kikamba la kumwita mama, mama yako mwenyewe.

Mara ya kwanza Syombua alimwambia, "Niwekee hapo kwako, mkono wangu una maji." Wayua akaweka. Kesho yake tena. Siku ya nne akamwambia, "Nipe tu hiyo namba yako, niache kukusumbua kila saa."

Wayua akasitasita. "Lakini mwaitu, Eddie si alisema..."

"Eddie nimemfundisha mimi kuvaa kofia!"

Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Wayua akampa. Kuanzia hapo miezi mitatu yote joto la laini ya pili liliandikwa kwa jina la Wayua, na hakuna aliyejua, maana joto lenyewe lilikuwa sawa, na Bingwa alionekana kila nusu saa amesimama na tableti mkononi, miwani puani, anabonyeza. Eddie hata alimpiga picha akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Syombua akipita pale alikuwa anaangalia upande mwingine.

Halafu mjomba wake Wayua akafariki. Wayua akaomba ruhusa Jumatano moja ya Juni, akaenda Ngoliba kuzika. Syombua siku hiyo alifanya kazi kama kawaida, akaingiza joto mara kumi na tano kama kawaida, kwa ile namba kama kawaida. Haikumjia kabisa kwamba mwenye namba hayupo. Kwenye karatasi hilo lisingekuwa na maana yoyote.

Jumatatu iliyofuata wakaja wakaguzi wa mteja mkubwa anayenunua maji ya maembe. Wakatoa orodha ya joto ya siku ile, wakatoa na orodha ya alama za vidole ambazo kila mfanyakazi huweka getini akiingia. Mmoja akauliza kwa upole tu, "Huyu Wayua hakuingia kazini Jumatano. Hivi vipimo kumi na tano aliviandika akiwa wapi?" Basi chupa elfu nne zikazuiwa ghalani, na mkataba ukawa unaning'inia.

Jumanne saa nane Wayua akaitwa ofisini kwa Waceke, mkuu wa wafanyakazi. Syombua naye akaitwa, kwa sababu sheria inataka msimamizi awepo. Wakakaa kando kwa kando, viti vimegusana.

"Wayua, namba yako ya siri ulimpa nani?" Waceke akauliza.

Wayua akaangalia mikono yake. "Nilimpa mtu."

"Mtu gani?"

Wayua akatikisa kichwa.

"Msichana, unajua hii ni kughushi? Ukinyamaza, hii inakuwa yako peke yako. Nakupa mpaka Ijumaa, kaa nyumbani ufikirie. Usiposema, kandarasi inakatwa." Kisha Waceke akageuka, uso umelainika. "Mama Mwau, wewe ndiye bingwa wetu kule chini. Unajua lolote kuhusu hii maneno?"

Na hapa ningependa niseme alishindwa kusema kwa sababu koo lilikauka, au simu ililia, au mtu aliingia. Hakuna aliyeingia. Syombua alifungua mdomo wake vizuri, akasema, "Sijui."

Wayua hakumgeukia. Alivuta pumzi kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga maji baridi, akaendelea kuangalia mikono yake. Syombua aliliona hilo kwa pembe ya jicho na akatamani sakafu ipasuke.

Walipotoka Wayua akamwambia pale nje ya mlango, "Mwaitu, nitakupitishia ile sufuria yako niliyoazima jioni," kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaenda kutoa vitu vyake kwenye kabati.

Aibu ni kitu cha ajabu. Ukiwa na deni unaweza kujificha kwa anayekudai, lakini mwenye aibu anajificha wapi, na anayemdai amelala naye kitanda kimoja? Jumatano Syombua alikwenda kazini akiwa na joto la kupima na namba ambayo sasa imefungwa. Tableti haikukubali jina la Wayua tena. Akamwambia msichana mwingine aandike, yeye atasimamia. Msichana akafurahi kuaminiwa, ole wake. Jioni ile sufuria ilikuja, imeletwa na mtoto wa jirani, imesuguliwa mpaka inang'aa. Syombua alikuwa ndani. Alikaa kimya mpaka hatua za mtoto zikaisha.

Alijitetea, si kwamba hakujitetea. Alijiambia Wayua bado kijana, atapata kazi nyingine, Ruiru viwanda vimejaa. Akajiambia akisema sasa, laini nzima itavurugika, na mteja je? Akajiambia amebakisha miaka minne astaafu, na mtu hawezi kuvuliwa nguo sokoni uzeeni. Kila hoja aliipindua, na kila aliyoipindua chini yake kulikuwa na kitu kilekile. Aliogopa kuchekwa. Basi, ni hilo tu. Mtoto wa watu anapoteza unga kwa sababu mama mzima anaogopa kuchekwa na Eddie.

Alhamisi, ametoka tu kazini, jua likiwa bado juu, mumewe akapiga simu kutoka Ngoliba. Mzee Kimeu aliacha kazi ya ulinzi mjini zamani, siku hizi analima matikiti kule nyumbani.

"Wavinya amekuja hapa," akasema. "Amekuletea kuku."

"Kuku wa nini?"

"Anasema asante. Anasema binti yake alimwambia aliitwa na wakubwa huko kazini, akaogopa sana, lakini wewe ulikaa na yeye ndani mpaka mwisho. Anasema Mungu akubariki kwa kumsimamia mtoto wake. Ni jogoo mkubwa kabisa, huyu. Nimchinje ama nimlete Jumamosi?"

Syombua akaondoa simu sikioni, akaiangalia.

"Haloo? Syombua? Mtandao umepotea?"

"Usimchinje," akasema. "Mfunge. Usimpe hata jina, si wetu." Akakata simu, akakaa kwenye stuli ya jikoni na kulia kwa sauti, na leso mdomoni kwa sababu majirani wa Makongeni kuta zao ni nyembamba.

Ijumaa asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi wote walikusanyika kama kila siku kwa ule mkutano wa dakika kumi. Waceke mwenyewe alikuwa ameshuka. Aliwakumbusha habari ya namba za siri, akasema kuna mtu ataandikiwa barua saa nne leo, na iwe funzo. "Si kwamba hamkufundishwa," akasema. "Muige Mama Mwau. Mtu wa rika lake, na ona alivyoishika hii kitu."

"Sijaishika," Syombua akasema.

Watu wakageuka.

"Madam, sijui kuitumia. Sijawahi kujua. Ilinifungia wiki ya pili nikaona haya kupanda kwa Eddie. Namba ya Wayua nilimwomba mimi, alikataa, nikamlazimisha. Ile Jumatano aliyokwenda kuzika ni mimi niliandika. Na Jumanne mliponiuliza nikasema sijui, na yeye amekaa hapo kando yangu." Akawageukia wa laini yake. "Kama ni barua, ni yangu. Kama ni kuchekwa, basi mcheke."

Hakuna aliyecheka. Angalau wangecheka! Walimwangalia tu, halafu wakaangalia chini, kila mtu buti zake, na Syombua akahisi uso unamwaka mpaka masikioni. Eddie alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, mkono mdomoni.

Kisha Njau, mzee wa boila, mwenye vidole vinene visivyokubaliwa na tableti yoyote, akakohoa. "Hata yangu ilifunga," akasema. "Tangu Machi. Huwa natumia ya Gichuru."

Gichuru, kando yake, akafumba macho.

"Hata yangu," akasema mwanamke mmoja wa laini ya kwanza. Mwingine akainua mkono, na mwingine. Waceke akahesabu mikono, ikafika tisa.

"Ngai, Mungu wangu!" Waceke akasema. "Watu tisa! Na miezi minne hakuna mtu mmoja ameuliza? Kwa nini?"

Walitazamana. Njau ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa ubaya. Angejibu kwa ubaya pengine ingekuwa afadhali. "Tungeulizaje, madam? Siku ile Ruiru Mama Mwau alisema tumeelewa. Tukajua basi, ni sisi tu wajinga."

Syombua akawaangalia wale tisa mmoja mmoja. Alikuwa amefika pale akidhani amemkosea mtu mmoja.

Wayua alipigiwa simu saa hiyo hiyo, arudi Jumatatu. Chupa zilikaa ghalani wiki mbili zaidi, zikapimwa moja moja, zikaondoka salama. Na Syombua walimfanya nini? Walimpa barua ya onyo, basi. Ukurasa mmoja, mhuri chini. Msichana wa kandarasi kwa kunyamaza alikaribia kufukuzwa, na mama mwenye ajira ya kudumu kwa kusema uongo mbele ya wakubwa akapewa karatasi aikunje, eti kwa sababu ya miaka yake ishirini na mitatu. Yeye mwenyewe alimwambia Waceke haikutosha. Waceke akamwambia sheria ndivyo ilivyo.

Jumamosi na Jumapili alipita nyumba ya Wayua mara nne. Kila mara mlango ulikuwa na kufuli.

Jumatatu Wayua alikuja mapema, kofia yake imevaliwa sawasawa. Alisalimia kila mtu, akamsikiliza Njau, akacheka alipotaniwa kwamba amenenepa kwa likizo. Alipofika kwa Syombua akasimama mbele yake vizuri, kwa adabu.

"Habari ya asubuhi, Mama Mwau," akasema.

Syombua aliisikia ile Mama Mwau ikimshuka mpaka moyoni. "Nzuri," akaitikia. Alikuwa ameandaa maneno mengi, ya Kikamba na ya Kiswahili, na yote yakakimbia. Yaliyobaki yalikuwa haya: "Nisamehe. Na unifundishe."

Wayua akachukua tableti. Eddie alikuwa amefungua akaunti ya Syombua upya, ilikuwa inangoja namba mpya tu. Wayua akamwonyesha pa kubonyeza, polepole, mara mbili, kama ambavyo angemwonyesha mfanyakazi yeyote aliyeajiriwa jana. Hakuvuta midomo wala hakuharakisha. Haikuchukua hata dakika tano. Miezi minne ya uongo, na kitu chenyewe kilikuwa cha dakika tano!

"Hapa sasa weka namba yako, ambayo hutasahau," Wayua akasema. "Usiniambie."

Akampa tableti, akageuza uso akaangalia ukutani, jinsi walivyofundishwa kufanya mtu anapoingiza namba yake. Syombua akabonyeza moja moja. Ikakubali. Jina lake likatokea juu, Syombua Kimeu, kwa herufi kubwa.

"Imekubali," akasema. "Wayua, imekubali."

"Sawa," Wayua akasema. Bado alikuwa anaangalia ukutani.